Kwa nini pikipiki huishiwa nguvu ikibadilishiwa eksozi?

Mtu akinunua pikipiki iliyotumika kwa bei ya kutupa, mara nyingi haanzi na breki wala cheni. Anaanza na sauti. Eksozi ya kiwandani inang'olewa, inafungwa fupi yenye mdomo wazi, na chujio la hewa nalo linatolewa "ili injini ipumue". Kweli inapumua, na inaunguruma kweli. Lakini ukivuta mafuta ghafla inasita, mlimani inaomba gia ndogo mapema kuliko zamani, na ukiachia mafuta bomba linapiga risasi. Nguvu imekwenda wapi?

Tuanze na hesabu. Injini ya cc 125 yenye mipigo minne huvuta hewa mara moja kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 8,000 kwa dakika inavuta mara 4,000, yaani hewa isiyozidi lita 500 kwa dakika moja. Mafuta yanayohitajika kwa hewa yote hiyo ni kama mililita 60 tu, vijiko vinne vya chakula. Ili petroli iungue yote, kila gramu moja inataka gramu 14.7 hivi za hewa; ili injini itoe nguvu yake ya juu, mafuta yanazidishwa kidogo hadi hewa iwe gramu 12.5 au 13. Hapo katikati hapana nafasi kubwa ya kukosea.

Kazi ya kupima yote haya imeachiwa kabureta, nayo haina akili. Ndani yake kuna koo lililobanwa. Hewa ikipita pale inakimbia zaidi, na hewa inayokimbia mgandamizo wake hushuka, kanuni ambayo Daniel Bernoulli aliiandika mwaka 1738. Petroli iliyo kwenye bakuli la chini ina mgandamizo wa kawaida wa nje, kwa hiyo inasukumwa kupanda kupitia jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia mafuta, na kumwagika kooni. Basi. Kiwanda kilichagua tundu la jeti kikijua hewa itapita kwenye chujio lile na kutokea kwenye eksozi ile.

Chujio la hewa huzuia hewa kidogo, na kizuizi hicho huongeza mvuto pale kooni. Ukilitoa, hewa inaingia nyingi zaidi huku mvuto wa mafuta kwa kila lita ya hewa ukipungua, hasa kwenye kabureta ambayo bakuli lake linapumulia nje. Hewa imezidi, mafuta yamepungua. Mchanganyiko wa namna hiyo huungua polepole, unakosa nguvu na kuzidisha joto. Ukiendeshwa hivyo kwa mwendo wa kasi muda mrefu unaweza kuharibu valvu, hata kutoboa pistoni. Ile milio ya risasi ambayo wengine huifurahia ni mafuta yaliyoshindwa kuungua ndani ya silinda yakaenda kuwakia kwenye bomba la moto.

Eksozi ina hadithi yake. Moshi hautoki kama maji ya mfereji, hutoka kwa mapigo. Kila pigo likifika mwisho wa bomba hurudisha wimbi la mvuto nyuma, na likirudi wakati valvu zote mbili ziko wazi kidogo husaidia kuvuta moshi uliobaki na kuingiza hewa mpya. Urefu wa bomba ndio huamua msaada huo uje kwenye mizunguko mingapi. Bomba fupi hulisogeza tukio hilo juu kabisa, ambako pikipiki ya kazi hufika mara chache. Ndiyo maana hata ukipata jeti sahihi, nguvu ya kuvuta kwenye mizunguko ya kati inaweza isirudi. Kwa maoni yangu eksozi ya namna hiyo kwenye injini ndogo hununua kelele tu, na chujio la hewa halina sababu ya kutolewa kamwe: vumbi hula ringi na silinda.

Ila pikipiki ya bei rahisi ina tatizo jingine: hujui aliyetangulia alifanya nini. Pengine lawama si ya eksozi. Petroli iliyokaa miezi kwenye bakuli hukauka na kuacha utando unaonata, na jeti ndogo, ile inayolisha injini mafuta yakiwa yamevutwa kidogo tu, huwa ya kwanza kuziba. Katika kabureta nyingi namba ya jeti ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo ya 38 ina tundu la milimita 0.38. Hapo ndipo watu huchukua waya. Waya wa chuma ukilipanua tundu hilo hadi 0.42, eneo lake limeongezeka kwa zaidi ya asilimia 20, na jeti imeharibika moja kwa moja. Tumia dawa ya kusafishia kabureta, hewa ya pampu na, ikibidi, uzi wa nailoni wa mshipi. Fanyia nje, mbali na moto. Angalia pia mpira unaounganisha kabureta na injini: ukiwa na ufa unaiba hewa. Nyunyizia maji kidogo juu yake injini ikiwaka. Mlio ukibadilika, umempata mwizi.

Kama kila kitu ni safi na eksozi unaitaka bado, itabidi urekebishe kabureta. Bandika utepe kwenye mshiko wa mafuta na uuwekee alama za robo. Kuanzia kufunga hadi karibu robo, mwenye amri ni jeti ndogo na skrubu yake. Skrubu ikiwa upande wa chujio inapima hewa, kuifungua kunapunguza mafuta. Ikiwa upande wa injini inapima mafuta, kuifungua kunayaongeza. Kati ya robo na robo tatu ni sindano, ile inayopanda na kushuka ndani ya kabureta unapovuta mafuta: teremsha klipu yake mfuo mmoja, sindano itapanda na mafuta yataongezeka. Kuanzia robo tatu ni jeti kubwa, inayolisha injini mafuta yakivutwa yote. Pikipiki ikisita, tazama alama, utajua wa kumgusa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Ushahidi uko kwenye plagi. Endesha kwa mzigo kwenye alama unayoipima, zima injini papo hapo huku umeshika klachi, simama mahali salama, iache ipoe, kisha ifungue. Weupe ni hewa kuzidi, masizi makavu meusi ni mafuta kuzidi, kahawia hafifu ndiyo unayoitaka. Ikiwa na unyevu wa oili, acha jeti. Tatizo ni ringi au sili za valvu.

Na kama lengo lilikuwa kupanda mlima tu, kabureta haikuhitaji kuguswa. Sproketi ya mbele, gia inayozungusha cheni, ikiwa na meno 15, funga ya 14: nguvu ya kuvuta kwenye gurudumu inaongezeka kwa asilimia 7 hivi katika kila gia, na mwendo kwa mizunguko ileile ya injini unapungua kwa kiasi hichohicho.