Mtoto wa Mama Mkenya ni Mkenya

Akina mama wengi wanaofika kwenye dawati letu la msaada wa kisheria hapa Mombasa huanza kwa kuomba radhi. Baba wa mtoto ni Mtanzania, au ni baharia aliyeteremka Kilindini kisha akaondoka na meli yake, au ni mtu wa Oman. "Mtoto ni wa babake," husema, huku karatasi ya hospitali imekunjwa mara nne ndani ya kipochi, na pale penye jina la baba pako wazi. Kwenye mambo ya ukoo kila jamii ina desturi zake. Uraia wa Kenya haufuati desturi hizo.

Kifungu cha 14 cha Katiba kinauliza jambo moja: siku mtoto alipozaliwa, mamake au babake alikuwa raia? Akiwa raia hata mmoja wao, mtoto ni raia kwa kuzaliwa, awe amezaliwa Makadara, Muscat au Jeddah (kwa waliozaliwa nje kuna sharti moja, nitalitaja chini). Hakiulizi kama wazazi walioana, wala jina la ukoo wa mtoto ni la wapi.

Hofu ya akina mama haikuzuka bure. Chini ya Katiba ya zamani, mtoto aliyezaliwa ng'ambo alipata uraia kupitia kwa baba pekee. Mama Mkenya aliyejifungulia Dubai hakuwa na uraia wa kumwachia mwanawe. Hayo yaliisha tarehe 27 Agosti 2010, na Katiba mpya ikawachukua hata waliozaliwa kabla yake. Kijana aliyezaliwa huko mwaka 1995, ambaye mamake ni Mkenya, ana haki sawa na mtoto wa jana.

Kosa jingine ni kudhani kwamba kuzaliwa Kenya kunatosha. Hakutoshi. Cheti cha kuzaliwa chaeleza siku, pahali na wazazi. Peke yake si ushahidi wa uraia. Anayedhaniwa raia bila wazazi kujulikana ni mtoto aliyeokotwa nchini akiwa na umri unaoonekana kuwa chini ya miaka minane.

Hapo kwenye "siku alipozaliwa" ndipo penye uzito. Tazama ndugu zetu Wapemba wa Kwale na Kilifi, waliotambuliwa mwaka 2023 baada ya kuishi kwa vizazi bila kitambulisho. Mzazi akishasajiliwa kuwa raia, mtoto anayemzaa Kenya baada ya hapo ni raia kwa kuzaliwa. Yule aliyetangulia, ikiwa mzazi mwingine naye hakuwa raia, njia yake ni kusajiliwa. Tumbo moja, nyumba moja, na karatasi mbili tofauti. Na mzazi wa kusajiliwa akijifungulia ng'ambo, sheria ya uraia ya 2011 haimpi mtoto huyo uraia wa kuzaliwa, kwa sababu kwa waliozaliwa nje inataka mzazi awe raia kwa kuzaliwa.

Basi haki ipo, lakini ofisini huhitaji karatasi. Mwandikishe mtoto kabla ya miezi sita kupita. Baadaye utaingia kwenye usajili wa kuchelewa, ambao una maswali mengi. Hakikisha jina la mama limeandikwa sawasawa na lilivyo kwenye kitambulisho chake. Nimeona "Mwanaisha" upande huu na "Mwana Aisha" upande ule zikamzungusha kijana miezi. Jina la baba asiyeoa nalo halizuiliki kama zamani: mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema sheria iliyomtaka baba huyo akubali kwanza ndipo jina lake liandikwe inakiuka Katiba.

Aliyejifungulia Arabuni aende ubalozini mapema, hasa kama hakuwa na ndoa, maana huko cheti cha mtoto wa nje ya ndoa ni kazi kukipata. Ahifadhi kila karatasi ya hospitali, hata ile yenye muhuri uliofifia, pamoja na nakala ya pasipoti aliyosafiria.

Kijana akifika miaka 18 na kwenda kuomba kitambulisho, abebe cha mamake. Kama mama amefariki, abebe cheti cha kifo, na aandamane na ndugu wa mama mwenye kitambulisho.