Kinundu kisichouma mahali pa kuchomea insulini

Katika kliniki ya kisukari, mgonjwa anayeona wekundu kidogo mahali alipojichoma sindano huja siku hiyohiyo akiwa na wasiwasi, ilhali yule mwenye kinundu laini kilichokaa tumboni miaka miwili hukitaja kwa bahati tu, pengine anapopandisha shati ili apimwe kitu kingine. Kwa uzoefu wangu, huyu wa pili ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa makini zaidi.

Nimwondolee hofu yule wa kwanza kwanza. Mwasho, wekundu au kivimbe kidogo kinachojitokeza dakika au saa chache baada ya kuchoma, kisha kikatoweka chenyewe, mara nyingi hutokana na ngozi kutopatana na kitu fulani kilichomo kwenye dawa, nacho si lazima kiwe insulini yenyewe: huweza kuwa metakresoli inayozuia dawa isiharibike, zinki, au protamini inayotiwa ili insulini iingie mwilini polepole. Maumivu nayo huletwa mara nyingi na spiriti ambayo haijakauka, au na dawa iliyochomwa ingali na baridi ya friji. Mambo hubadilika mwili mzima ukiwasha, midomo ikivimba au kupumua kukiwa kwa shida. Hapo ni hospitali mara moja. Mahali panapozidi kuwa moto, kuuma na kutunga usaha ni jipu, na jipu la sindano halikamuliwi nyumbani.

Majipu hayo ni ya zamani kama insulini yenyewe. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa kisukari kuchomwa insulini, mjini Toronto, Kanada, tarehe 11 Januari 1922, alipata jipu mahali pa sindano kwa kuwa dawa iliyotolewa kwenye kongosho la ng'ombe ilikuwa bado chafu. Sukari yake ilishuka vizuri alipoanza kupewa, tarehe 23 mwezi huohuo, dawa iliyosafishwa na mwanabiokemia James Collip. Kwa miongo kadhaa baadaye insulini za wanyama ziliendelea kuwaachia baadhi ya wagonjwa mashimo ya ngozi, mafuta ya chini yakiwa yameyeyuka. Usafishaji ulipoboreshwa, na insulini ya aina ya binadamu ilipoidhinishwa Marekani mwaka 1982, mashimo hayo yakawa nadra.

Kinundu hakikuondoka, kwa sababu kinachokikuza si uchafu bali ni insulini yenyewe. Mojawapo ya kazi zake ni kuziamuru seli za mafuta ziweke akiba, kwa hiyo seli zinazomwagiwa dawa palepale kila siku hunenepa na kuongezeka. Mgonjwa naye hugundua kwamba hapo sindano haiumi, akapazoea. Tatizo ni kwamba dawa iliyoingia ndani ya kinundu hufyonzwa kwa kuchelewa na bila mpangilio: leo sukari iko juu, kesho imeshuka ghafla usiku, wala chakula hakijabadilika. Nakiri kwamba niliwahi kumwongezea mgonjwa mmoja dozi katika mahudhurio matatu mfululizo, nikisoma namba za daftari lake tu, kabla sijamwomba nimguse tumbo.

Hatari kubwa huja siku anapoambiwa ahamie mahali pengine pa kuchoma. Yuniti 40 zilizokuwa zikipotelea ndani ya kinundu, zikichomwa mahali pasipo na kinundu, zaweza kumwangusha kwa sukari kushuka. Ndiyo maana kuhama hufanywa kwa makubaliano na daktari, ambaye kwa kawaida hupunguza dozi, na mgonjwa akapima sukari mara nyingi zaidi siku hizo za mwanzo.

Macho peke yake hayatoshi kukipata. Paka sabuni au mafuta kidogo mahali unapochoma, kisha pitisha vidole taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati. Pakiwa pazito au pamevimba kuliko jirani yake, usichome hapo. Gawanya tumbo sehemu nne, tumia sehemu moja kwa wiki, na kila sindano iwe angalau sentimita 1 kutoka iliyotangulia, yaani takriban upana wa kidole. Sindano itumike mara moja tu. Najua wapo wanaoirudia wiki nzima kwa sababu ya bei, nami siwalaumu, lakini kurudia sindano huendana na vinundu, na ni afadhali mtu aniambie ukweli ili tupange naye kuliko kunificha.

Kikiachwa bila kuchomwa, kinundu hulainika kwa majuma au miezi. Mimi huzungushia mpaka wake wino wa kalamu, mgonjwa akapiga picha kwa simu yake, na akirudi tunailinganisha picha ile na tumbo lenyewe.