Nani kashindwa Haiti?

Juzi baada ya isha, barazani kwetu Kibokoni, kahawa haijamiminwa hata kikombe cha kwanza, jamaa mmoja akatoa hukumu: "Polisi wetu wameshindwa Haiti, kama UN ilivyoshindwa Rwanda." Vichwa vikatikiswa, mzee mmoja akasema "naam", kesi ikafungwa. Nikatafuna kashata yangu nikanyamaza. Lakini maneno hayo nimeshayasikia kwa wateja, kwa wanafunzi, ndani ya feri ya Likoni, na mwezi uliopita nimeyasikia kwa wakili mwenzangu tuliyekaa naye darasa moja la sheria ya kimataifa. Huyo ndiye aliyenikalisha kuandika.

Tuanze na lililo jepesi. UN, yaani Umoja wa Mataifa, si mtu, wala haina jeshi. Mwenye kofia ya buluu, mlinda amani wake, ni askari wa Ghana, wa Nepal, wa Uholanzi. Nidhamu yake iko kwao, na akitenda jinai hushtakiwa kwao. Kinachoitwa "UN" siku ya kukata shauri ni wajumbe 15 wa Baraza la Usalama mezani, watano kati yao na kura ya turufu mfukoni. Tarehe 21 Aprili 1994, mauaji Rwanda yakiwa yametimiza wiki mbili, wajumbe hao walipitisha Azimio 912: kikosi cha UN kule kilichokuwa na watu wapatao 2,500 kibaki na 270. Ubelgiji ilikuwa imeshaanza kuondoa askari wake baada ya 10 kuuawa. Marekani bado ilikuwa na kidonda cha Mogadishu cha Oktoba iliyotangulia, ambako askari wake 18 waliuawa katika operesheni iliyopangwa na kuamriwa na Wamarekani wenyewe, kisha lawama ikatupiwa UN. Na Rwanda yenyewe ilikuwa na kiti katika Baraza la Usalama mwaka huo, kimekaliwa na mjumbe wa serikali iliyokuwa ikiua. Hakuna aliyepinga. Ukisema "UN ilishindwa" umewasamehe wote 15 kwa mpigo, na hawakukuomba.

Haiti sasa. Kikosi kile kilichoongozwa na Kenya kupambana na magenge hakikuwa cha UN. Azimio 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023 lilikiidhinisha tu. Halikukiunda, halikukitengea bajeti. Fedha zilikuwa za hiari, mwenye kutaka atie katika mfuko wa pamoja. Ilitajwa idadi ya watu 2,500. Wakenya wa kwanza walitua Port-au-Prince Juni 2024, na zaidi ya mwaka baadaye kikosi kizima, pamoja na wa nchi nyingine, kilikuwa kinazungukazunguka watu 1,000. Septemba 2025 Baraza lilelile likaandika azimio jingine, la kikosi cha 5,550. Huo ni ukiri, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Sasa mwambie fundi akujengee vyumba vitano, umpe mawe ya viwili na saruji ya kimoja, kisha ukae kivulini ukisema fundi hajui kazi.

Hapo sasa ndipo wakili mwenzangu aliponitoa roho. "Lakini," akasema, "lazima mtu awajibike." Sawa, ila awajibike vipi? Neno hilo tumelifanya kanzu ya kuazima, kila mtu linamwenea. Hapa Kenya mwanasiasa akiambiwa "awajibike" maana yake ajiuzulu. Mitaani maana yake abebe lawama. Mimi ofisini nikilisema nina maana ya dhima, yaani kuna sheria iliyovunjwa, kuna aliyeivunja, kuna aliyeumia na anadai. Vitu vitatu tofauti, na mtu anaweza kubeba kimoja vingine vikampita. Baraza la mawaziri la Uholanzi lilijiuzulu Aprili 2002 kwa ajili ya Srebrenica, mji wa Bosnia uliokuwa ukilindwa na askari wao chini ya UN, miaka saba baada ya mauaji na wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Waliwajibika? Kwa maana ya kwanza, ndiyo. Aliyefiwa na mume hakupata chochote kwa kujiuzulu kule.

Tena kushindwa si kukosea. Sheria haikuahidi kwamba kikosi kitashinda. Ukienda vitani ukapigwa, hiyo si jinai wala madai. Swali la mwanasheria ni dogo na linachosha: kitendo hiki hasa, saa hii hasa, nani alikuwa na uwezo wa kukizuia? Jina lake ni udhibiti halisi. Tume ya Sheria ya Kimataifa iliuandika mwaka 2011 katika kifungu cha 7: askari aliyekabidhiwa UN, kitendo chake ni cha UN ikiwa UN ndiyo iliyokidhibiti kitendo hicho. Zingatieni: kitendo. Si kikosi, si kofia, si bendera iliyobandikwa begani.

Wanafunzi hulipita jambo hili mbio, kwa hiyo nitalikalia. Srebrenica ilitangazwa eneo salama mwaka 1993. Sekretarieti ya UN ilisema kulinda maeneo salama yote ya Bosnia kungehitaji askari wapatao 34,000. Baraza likaidhinisha 7,600. Julai 1995 mji ukaanguka mikononi mwa Waserbia wa Bosnia, wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 wakauawa. Ndani ya kambi ya Waholanzi pale Potočari kulikuwa na wanaume wapatao 350 waliokimbilia humo. Waholanzi wakawaacha watolewe pamoja na wengine. Mahakama za Uholanzi zikasema: mji kuanguka, hilo si dhima yetu, lakini hawa 350, siku hiyo, askari walikuwa wakitekeleza maamuzi ambayo serikali yao ya The Hague ilikuwa na mkono ndani yake, na hawakuwapa watu hao nafasi ya kubaki. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikakadiria kwamba wangebakizwa wangekuwa na asilimia 30 ya kunusurika. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ikashusha hadi asilimia 10, na fidia ikafuata kipimo hicho. UN yenyewe haikushtakika. Ina kinga, na Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya kule Strasbourg ilikubali hivyo mwaka 2013. Wahaiti waliofiwa na kipindupindu kilicholetwa mwaka 2010 kupitia kambi ya walinda amani wa Nepal waligonga mwamba huohuo katika mahakama za New York.

Asilimia 10. Mwanafunzi mmoja aliniuliza ilipimwa kwa mizani gani. Nikamwambia aende kwenye ukurasa unaofuata.

Sasa niseme kinachonikera mimi mwenyewe katika kazi yangu. Kipimo hiki kinamshika aliyekuwepo. Waholanzi walinaswa kwa sababu walikuwa Potočari, mlango mkononi. Aliyekataa kutuma askari, aliyepunguza 34,000 hadi 7,600, aliyeahidi dola akaleta nusu, hakudhibiti kitendo chochote, kwa hiyo hana dhima. Ubelgiji ilishtakiwa kwa kuondoa askari wake katika shule moja ya Kigali ambako watu wapatao 2,000 walikuwa wamejihifadhi. Mahakama ya Brussels mwaka 2010 ikasema uamuzi wa kuondoka ulikuwa wa Ubelgiji, ya rufani mwaka 2018 ikaipindua. Nimezisoma hukumu zote mbili, na nikizifundisha huona kila moja imekaa sawa hadi nifungue nyingine. Kwa hiyo jamaa wa barazani, aliposema aliyekwenda ndiye aliyeshindwa, alikuwa karibu na sheria kuliko nilivyotaka kukiri mbele ya wazee.

Na sisi Mombasa tunalijua jambo hili tangu zamani, ila tumelifanya jina la mahali. Februari 1824 nahodha Owen wa manowari za Uingereza aliwakubalia Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, ombi lao la kukaa chini ya bendera ya Uingereza, kwa hofu ya Sayyid Said wa Oman. London haikumtuma. Akamwacha luteni Reitz awe gavana, homa ikamuua baada ya miezi michache, Port Reitz ikabaki. London ikakataa kuidhinisha, mwaka 1826 bendera ikashushwa, na mwaka 1837 Said akaitwaa Ngome, yaani Fort Jesus. Dhima ya nani: Owen aliyeahidi kisichokuwa chake, London iliyonyamaza miaka miwili, au Mazrui waliomwomba mgeni? Kila mwaka nawapa wanafunzi swali hili, na nimeshabadilisha jibu langu mara tatu.

Jana nikarudi barazani nikawaeleza yote haya, kwa kifupi. Yule jamaa akasikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini. "Basi wakili, mpeleke mahakamani aliyepiga kura." Nikamwambia hakuna mahakama inayompokea. Akamimina kahawa nyingine, safari hii akaanza na kikombe changu.