Ramani za mikoko hazihitaji programu ya wizi

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo, ofisini kwetu hapa Tanga huja vijana ambao kompyuta zao zina ugonjwa mmoja. Wameshapima mikoko Tongoni au Sahare na nukta za GPS wanazo. Tatizo ni programu ya ramani: ni ya kulipia, na fundi wa mtaani amewawekea iliyovunjwa ufunguo. Mara nyingi, ili ufunguo huo uvunjike, kinga ya virusi huzimwa kwanza. Mwaka jana binti mmoja alipoteza vipimo vya wiki tatu kwa njia hiyo. Faili zote zilibadilika majina na hazikufunguka tena. Hakukusudia kuiba. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ipo programu ya kazi hiyohiyo, bure na halali.

Programu hiyo ni QGIS. Gary Sherman aliianzisha mwaka 2002, na leo inaendelezwa na watu wa nchi nyingi. Leseni yake, GPL, inamruhusu yeyote kuitumia, kuusoma na kuubadilisha msimbo wake, na kuwagawia wengine. Ruhusa hiyo ya kugawa ndiyo ninayotaka vijana wetu waishike. Faili ya kuisakinisha kwenye Windows inazidi GB 1, na kwa bando la mwanafunzi huo ni mzigo mzito. Basi mmoja aipakue, wenzake wanakili kwa flashi, wala hawajamwibia mtu. R, programu ya takwimu iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman katika Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, nayo iko chini ya GPL, na faili yake ni ndogo zaidi.

Lakini flashi hubeba virusi pia, kwa hiyo ikague faili uliyopewa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256 (au MD5, kama ndiyo waliyotoa wenye programu). Utapata mfuatano wa herufi na tarakimu, 64 kwa SHA256, ambao ni kama alama ya kidole ya faili hiyo. Ulinganishe na ule uliotolewa na wenye programu kwenye tovuti yao rasmi. Kuusoma kunakula bando kidogo tu. Ikitofautiana hata herufi moja, futa faili hiyo. Tafadhali usiisakinishe ati uone itakuwaje.

Kompyuta iwe ya biti 64, maana R iliacha Windows ya biti 32 tangu toleo la 4.2 la mwaka 2022, na QGIS iliacha mapema zaidi. Katika matoleo ya QGIS, chukua lile la muda mrefu, LTR, ambalo huendelea kurekebishwa kasoro bila kubadilishwa sura kila mara. Kusakinisha kwenyewe ni kubofya na kusubiri. Wanaotumia Ubuntu badala ya Windows wanaandika tu sudo apt install qgis r-base.

Wengi hukwama baadaye, wakidhani programu imeharibika, kumbe wamechagua mfumo wa majira-nukta (koordineti, namba za kuonyesha mahali) usio wetu. Katika UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita, Tanga iko kanda ya 37 Kusini. Kama GPS yako ilirekodi UTM kwa WGS 84, yaani kielelezo cha umbo la dunia kinachotumiwa na GPS, namba ya mfumo ya kutafuta ndani ya QGIS ni EPSG:32737. Ukichagua 37 Kaskazini, mikoko yako ya Tongoni itaota karibu na Ncha ya Kaskazini, kwa sababu upande wetu wa ikweta huongezewa mita 10,000,000 ili hesabu isiwe hasi. Hakuna haja ya kufuta programu na kuanza upya. Badilisha mfumo wa tabaka (layer) lile la nukta, na nukta zitarudi ufukweni.

Asiye na bando aje ofisini na flashi yenye nafasi ya GB 4. Faili zote mbili tunazo na tumezikagua. Hata hivyo, ukifika nyumbani zikague tena mwenyewe kabla ya kuzibofya.