Cedar Breaks: majabali mekundu yaliyochongwa na baridi

Watu wakiniuliza waende wapi kusini mwa Utah, Marekani, kuona majabali mekundu, mara nyingi jina la Bryce Canyon huwa tayari liko mdomoni. Pazuri, sibishi. Lakini mimi, kama mwanajiolojia, huwaelekeza Cedar Breaks, hifadhi iliyo upande wa magharibi wa Bryce, si mbali kwa gari. Tabaka la miamba ni lilelile, ila hapa limeinuliwa juu zaidi, na mwinuko huo ndio unaoamua karibu kila kitu utakachokiona.

Ukingo wa Cedar Breaks uko zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ataelewa: umeshaipita kambi ya Mandara, tena umefika ukiwa umekaa garini. Kilima kidogo tu na pumzi inakata. Tembea polepole, kunywa maji, na kama kichwa kinauma sana, shuka.

Pale Point Supreme, mahali pa kutazamia ukingoni, ardhi inakatika ghafla mbele yako. Chini kuna bonde la nusu duara lenye upana wa karibu kilomita 5 na kina cha zaidi ya mita 600, limejaa nguzo, kuta na matuta mekundu, ya machungwa, ya manjano, na zambarau hapa na pale. Mawe haya yalianza kama matope na chokaa vilivyotuama kwenye maziwa na mito ya kale, mamilioni ya miaka iliyopita. Wekundu ni kutu: chuma kidogo kilichomo ndani ya mwamba kimeshikana na oksijeni. Zambarau inatokana na manganizi. Baadaye nyanda zote za Markagunt, zinazobeba Cedar Breaks, zikainuliwa kando ya Hurricane, ufa mkubwa katika ganda la dunia, na mmomonyoko ukapata mteremko wa kufanyia kazi.

Wageni wengi hudhani kuna mto mkubwa uliochimba bonde hili. Mchongaji mkuu ni barafu. Mchana theluji inayeyuka, maji yanapenya kwenye nyufa. Usiku yanaganda, na maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Mwamba hauna pa kukimbilia, unapasuka. Mvua nayo inaiyeyusha chokaa taratibu na kuzoa vumbi. Palipo na tabaka gumu, panabaki nguzo. Palipo laini, panaliwa. Asubuhi ya baridi, jua linapoanza kuzifikia kuta, simama kimya usikilize. Utasikia vijiwe vikiporomoka. Kazi inaendelea masikioni mwako.

Ukiwa na nguvu ya njia moja tu, chukua ile ya Spectra Point, kwa sababu ya misonobari aina ya bristlecone. Mingine ina umri wa zaidi ya miaka 1,600. Usitegemee miti mirefu ya kutisha. Ni mifupi, imepinda, na mara nyingi sehemu kubwa ya shina ni mbao tupu iliyosuguliwa na upepo. Zunguka kwa macho upande wa pili: chini ya ukanda mwembamba wa gome, mbao hai bado zinapandisha maji kutoka kwenye mizizi hadi tawi moja la kijani. Baridi na udongo duni huufanya mti ukue polepole mno, na mbao zake zikawa nzito, zenye utomvu mwingi, zisizoliwa ovyo na wadudu. Usiiguse wala kukanyaga mizizi iliyo wazi.

Barabara inayopita ukingoni hufungwa na theluji, kwa kawaida kuanzia Novemba hadi Mei au Juni. Mimi napenda Julai, maua ya porini yakiwa yametanda, ila mwezi huo ngurumo za alasiri si mchezo: ukiona mawingu yanajikusanya, toka ukingoni. Bonde linatazama magharibi, kwa hiyo rangi hukolea jioni. Jaketi ni lazima hata kiangazi, hasa ukibaki usiku kutazama nyota. Tangu 2017 hifadhi hii inatambuliwa kimataifa kwa giza la anga lake.

Na uzio uuheshimu. Ukingo unaosimama juu yake ni chokaa ileile yenye nyufa, na barafu haiuachi pia.