"Yule ana familia": maneno tunayoambiana kuhusu mshahara, na ukweli wake

Jumamosi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu, wengi wamemaliza form four na wanatafuta vibarua, sasa wiki iliyopita nikaenda na karanga. Nikawapa kazi moja, kufunga vipakti vya mia mia, wasichana watano na wavulana watano, nusu saa. Mwisho nikawalipa pipi, mvulana nne, msichana tatu, sababu sikusema. Kelele zikaanza hapohapo. Binti mmoja akahesabu vipakti vyake, 21, akahesabu vya kijana wa pembeni yake, 18, halafu akanitazama tu. Na kuna kijana akanitetea kabisa, eti "lakini sisi wanaume tuna majukumu". Ana miaka 17 na anaishi kwa mama yake.

Maneno hayohayo niliambiwa mimi kwenye kazi yangu ya kwanza, kaunta ya hoteli. Nilikuwa nazidiwa elfu arobaini kwa mwezi na kaka tuliyeajiriwa naye wiki moja, shifti moja, kaunta ileile. Nilipouliza nikajibiwa yule ana familia.

Kwa hiyo tuanze na hilo, kwamba mwanaume alipwe zaidi kwa sababu analisha nyumba. Hapana. Mshahara ni bei ya kazi, hauna uhusiano na idadi ya midomo nyumbani kwako. Katiba ya Tanzania ibara ya 23 inasema mtu apate ujira unaolingana na kazi yake bila ubaguzi wowote, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri achukue hatua za kuhakikisha mwanamke na mwanaume wanalipwa sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Na tuseme ukweli, kama hoja ingekuwa familia, wale akina mama wanaosomesha watoto watatu peke yao wangekuwa wanalipwa kuliko mabosi.

"Basi unataka wote tulipwe sawa?" Hili vijana huuliza kila mara. Sivyo. Aliyekaa miaka kumi anaweza kukuzidi, mwenye cheti, mwenye shifti za usiku, mwenye kusimamia wenzake, hizo ni sababu zinazotokana na kazi yenyewe. Ila neno thamani lina uzito wake, maana ubaguzi mara nyingi hujificha kwenye jina la kazi. Mwaka 1968 kiwanda cha Ford pale Dagenham, Uingereza, wanawake walioshona vitambaa vya viti vya magari walipangwa daraja la ujuzi mdogo, na hata ndani ya daraja hilo walikuwa wanapata asilimia 85 ya alichopata mwanaume. Kushona kiti cha gari kikae sawasawa ni ufundi, muulize fundi cherehani yeyote! Waligoma, viti vikaisha, uzalishaji ukasimama, wakapandishwa hadi asilimia 92 na mgomo wao ukasukuma sheria ya malipo sawa ya 1970. Lakini daraja lenyewe la ufundi walilipata 1984 baada ya kugoma tena, yaani miaka 16.

Lingine ninaloliogopa zaidi: "mshahara ni siri, kuulizana ni umbea". Hii ndiyo dhana inayozilinda zote. Kule Marekani kuna mama aliitwa Lilly Ledbetter, alifanya kazi kiwanda cha matairi cha Goodyear jimbo la Alabama kuanzia 1979, na karibu anastaafu ndipo akakuta kikaratasi kisicho na jina kimeandikwa mshahara wake na wa wanaume wa cheo chake. Yeye dola 3,727 kwa mwezi, mwanaume wa chini kabisa kati yao 4,286. Akashtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi yao ikamwambia kwa kura 5 kwa 4 kwamba amechelewa, alitakiwa kulalamika ndani ya siku 180. Atalalamikaje kitu asichokijua? Sheria ikabadilishwa 2009 ikapewa jina lake, ila yeye hela yake hakuipata. Kwa hiyo ulizaneni, kwa adabu, na wale mnaoaminiana, ila mkataba usomeni kwanza kama una kipengele cha usiri.

Halafu wengi hudhani ubaguzi ni kesi ya wanawake tu. Kifungu hichohicho cha 7 kinataja kabila, dini, ulemavu, umri, ujauzito, ndoa, hali ya VVU na mengine. Kijana anayelipwa nusu kwa kazi ileile kwa sababu tu "bado mdogo" naye yumo.

Na "nilishasaini, basi" au "mimi sina mkataba"? Sahihi yako haihalalishi ubaguzi. Na maelezo ya kazi kwa maandishi ni jukumu la mwajiri kukupa, yasipokuwepo yeye ndiye wa kuthibitisha mlichokubaliana. Ukishaonyesha msingi wa madai ya ubaguzi pia mzigo wa kuthibitisha unahamia kwake. Pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, unajaza fomu CMA F1, na mgogoro wa namna hii unapelekwa ndani ya siku 60. Ukichelewa itabidi uombe kibali na uwe na sababu nzito. Tunza slipu za mshahara, meseji, majina ya shifti, hata picha ya ratiba ya ukutani.

Zile pipi niliwalipa wasichana deni lao kabla hawajaondoka. Binti wa vipakti 21 akapokea yake, akaniuliza, "dada, na wewe ile elfu arobaini walikurudishia?" Hawakunirudishia. Nilikaa pale mwaka na nusu, na wala sikujua kuna fomu.