Mlilaki wako hauna njaa, umekatwa matumba

Wiki hii nimeulizwa tena kuhusu mlilaki, kile kichaka cha nchi za baridi chenye vishada vya maua ya kunukia, mara ya nne ndani ya mwezi mmoja, "mlilaki wangu una miaka sita na hauchanui, niuwekee mbolea gani?" na mimi kabla sijasema neno lolote la mbolea huwa nauliza kitu kimoja tu, unaupogoa lini? Na jibu ni lile lile, ah naupogoa kila mwaka bila kukosa, mwezi wa kumi kabla baridi haijaingia, au mwezi wa tatu theluji ikishayeyuka wakati nasafisha bustani. Basi hapo tumeshamaliza, tatizo limepatikana na mbolea haihusiki hata kidogo. Nimeona bora niyaandike yote sehemu moja, kila dai ninalosikia kwenye alama za kunukuu na jibu langu chini yake, maana kazi hii ya kutunza mililaki ya watu naifanya mwaka wa 19 sasa na inaniuma kweli kumwona mtu anahangaika na kichaka kwa mapenzi yote, halafu kila mwaka anakikata kwa mkono wake mwenyewe kile kile anachokisubiri.

"Ukitaka maua mengi upogoe kabla ya winta, au mapema kabla haujachipua"

Hii ndiyo inayonitoa jasho. Watu wameitoa kwenye mawaridi, maana mawaridi mengi ya siku hizi ukiyakata mwisho wa winta yanatoa maua kwenye tawi jipya la mwaka huo huo, kwa hiyo mtu anadhani kila kichaka kiko hivyo. Mlilaki hauko hivyo jamani. Mlilaki unachanua kwenye tawi la mwaka jana. Maua ya mwezi wa tano yakishanyauka, wiki chache tu baadaye, ncha za matawi zinaanza kutengeneza matumba ya mwaka unaofuata, yaani wewe bado uko kwenye jua la kiangazi na ua la mwakani limeshaanza kuumbwa pale juu. Majani yakija kudondoka tumba limeshakamilika, linalala na baridi lote, na kikifika kipindi cha kuchipua kazi yake ni kufunguka tu. Sasa wewe ukipita na mkasi mwezi wa kumi, au wa kumi na mbili, au wa tatu, ukakata ncha zote uwe mviringo mzuri, maua yako yote umeyatupa kwenye lundo la mboji na kichaka hakina njia ya kukutengenezea mengine mpaka kiangazi kipite tena. Halafu mwaka unaofuata mwezi wa kumi unarudia. Unaweza kufanya hivyo miaka 20 na usione ua hata moja, na mlilaki wenyewe uko mzima kabisa, majani ya kijani yanang'aa, ndiyo maana mtu anaona afya ipo basi labda kimekosekana chakula.

Usiniamini kwa maneno, nenda kaangalie. Katikati ya winta shika ncha ya tawi ambalo halijakatwa, utaona matumba mawili yamekaa pamoja pale mwisho, kushoto na kulia, kama masikio. Yakiwa manene, yamejaa, hayo ni ya maua. Yakiwa membamba yenye ncha, ni ya majani tu. Chukua moja lile nene ulipasue kwa wembe kwa urefu, taratibu, ndani katikati ya vimagamba utakuta kitu kidogo cha kijani kilichojaa vipunje vipunje kama kishada cha zabibu ambacho hakijakua. Hicho ndicho kishada cha maua chenyewe, kizima, kinasubiri joto tu. Ukishakiona kwa macho yako mara moja hutakaa uguse mlilaki mwezi wa kumi tena maisha yako yote.

Kuna mama mmoja nilienda kwake mwezi wa pili, ameshakaa na mlilaki wake miaka saba, hajawahi kuunusa. Ulikuwa karibu na ukuta wa nyuma, umekatwa duara safi kabisa, kila mwaka kijana wa bustani anapita na mkasi wa michongoma na kuunyoa. Nikazunguka nyuma upande wa ukuta ambako mkasi haufiki, nikakuta tawi moja limejipenyeza kwenye upenyo, na mwisho wake matumba mawili manene. Nikamwita, nikalipasua moja mbele yake nikamwonyesha, akanyamaza kidogo halafu akaniuliza, "kwa hiyo yamekuwepo muda wote huu?" Yamekuwepo ndiyo. Mwezi wa tano ule akapata kishada kimoja tu kutoka kwenye tumba lililobaki, upande wa ukuta, akanipigia simu kunisimulia harufu. Hatukuugusa mwaka mzima, na mwezi wa tano uliofuata kichaka chote kilikuwa zambarau mpaka chini. Hakuna mbolea iliyowekwa, hakuna dawa, hakuna chochote, tuliacha tu kukata.

Sasa kupogoa kupo, sisemi usipogoe kabisa, ila wakati wake ni mara tu maua yanaponyauka, wiki mbili tatu za mwanzo, ukichelewa zaidi ya hapo umeshaanza kula ya mwakani. Na unapopogoa usinyoe juu, ingia chini. Mashina ya zamani, yale mazito kupita sentimita tano yenye magome yaliyochakaa, ndiyo unayakata karibu na ardhi, theluthi moja mwaka huu, theluthi mwakani, theluthi mwaka wa tatu, na kwenye machipukizi yanayotoka chini unabakiza machache yenye nguvu yachukue nafasi. Hivyo kichaka kinabaki kijana na bado kila mwaka unapata maua. Kama umerithi mlilaki mkubwa mno, maua yote yako mita nne juu huko hata pua haifiki, unaweza kuukata wote ubaki sentimita 30 mwisho wa winta, utachipua, ila ujue maua utayangoja miaka miwili mitatu au zaidi. Mimi napenda ile ya theluthi, sioni sababu ya kukaa bila harufu miaka yote hiyo.

Na vile vishada vilivyokauka, watu wananiambia usipovikata vyote mwakani hakuna maua. Sio kweli. Kwenye mlilaki mchanga vikate, unaupunguzia kazi ya kutengeneza mbegu, kwenye mkubwa usijisumbue kupanda ngazi.

"Hauchanui kwa sababu una njaa"

Nimeshaligusa ila nilimalizie. Mbolea yenye nitrojeni nyingi ndiyo njia ya haraka ya kupata majani makubwa bila ua. Na mara nyingi mtu hata hajui kama ameiweka, anamwagia nyasi zake mbolea ya nyasi na mizizi ya mlilaki imetambaa mpaka huko chini ya nyasi, inakula yote. Acha mita kadhaa kuzunguka kichaka bila hiyo mbolea. Mboji kidogo kila baada ya mwaka mmoja miwili inatosha kabisa. Sijui machicha ya kahawa, maganda ya mayai, chumvi ya magnesiamu, hivyo vyote weka unapotaka ila usitegemee ua kwa sababu yake.

Mlilaki wa kawaida asili yake ni milima ya mawe ya Balkan, kusini mashariki mwa Ulaya, udongo haba, maji yanapita haraka, baridi kali. Huko New England Marekani kuna mashamba yaliyoachwa zamani, nyumba imeshaanguka limebaki shimo la msingi tu, na pembeni ya lile shimo mlilaki uliopandwa na wenye nyumba bado unachanua kila mwaka, hakuna anayeulisha, hakuna anayeupogoa. Mimi nikifikiria hiyo huwa nasisimka, na ndiyo jibu langu kwa kila anayeniambia kichaka chake kina njaa.

Chokaa nayo hivyo hivyo, watu wanamwaga kila mwaka kwa mazoea. Mlilaki unapenda udongo ulio katikati au wenye alkali kidogo, pH (kipimo cha asidi na alkali) 6.5 mpaka 7.5 uko sawa. Pima kwanza. Kama udongo wako ni wa asidi kweli weka, kama sio unapoteza pesa.

"Baridi itaua, niufunike"

Hapana, usifunike. Mlilaki wa kawaida ukiwa umelala unavumilia hata nyuzi 35 chini ya sifuri, na sio kuvumilia tu, unaihitaji baridi, matumba yasipopata wiki za kutosha za ubaridi hayafunguki vizuri. Ndiyo maana California kusini ilibidi watengenezwe mililaki maalumu kama 'Lavender Lady' inayoridhika na winta laini. Wewe uliye kwenye baridi ndiye mwenye bahati hapa.

Kinachoumiza ni jalidi la kuchelewa, pale joto limekuja mapema matumba yakaanza kufunguka halafu usiku mmoja baridi linarudi. Hapo unaweza kukuta vishada vimekuwa kahawia. Kichaka hakijafa, umepoteza maua ya mwaka huo tu. Kama bado hujapanda, epuka bondeni kabisa, baridi huteremka na kukaa huko chini kama maji.

"Kila mlilaki unanukia"

Hii inawaumiza watu wanaonunua kwa picha. Kinachonukia ile harufu unayoikumbuka ni mlilaki wa kawaida, Syringa vulgaris, na aina zilizotokana nao, kama zile za mkuzaji mimea Victor Lemoine wa Nancy, Ufaransa. 'Madame Lemoine' ya mwaka 1890, nyeupe, petali nyingi, mpaka leo nikiulizwa nipande nini ndiyo ya kwanza kuitaja. Nyingine ni 'Krasavitsa Moskvy' ya mkuzaji mililaki Leonid Kolesnikov wa Moscow, matumba yake ni ya waridi iliyopauka halafu yakifunguka yanakuwa meupe, na inanukia vizuri mno. 'Miss Kim', iliyotokana na mbegu zilizochukuliwa Korea mwaka 1947, ni fupi, harufu yake ina ukali kidogo kama wa viungo, inafaa bustani ndogo.

Lakini zile za Preston, zilizoanzishwa na Isabella Preston kule Ottawa miaka ya 1920, ni ngumu sana kwa baridi na zinachanua kama wiki mbili baada ya ile ya kawaida, nzuri kuongeza msimu, ila harufu yake si ile. Na mlilaki wa Japani ule unaokua kuwa mti kabisa wenye maua ya rangi ya krimu unanukia kama ligustramu, kichaka cha kuzungushia uzio, wengine hawaipendi hata kidogo. Kwa hiyo nunua ukiwa umechanua, weka pua, ndio ulipe.

Mengine ya haraka haraka

"Kivuli kidogo si mbaya." Mbaya. Jua la muda wa masaa 6 kwa siku kwenda juu, chini ya hapo maua yanapungua mpaka yanaisha. Kama hupogoi vibaya na hakuna maua, inua kichwa uangalie ule mti wa jirani umekua kiasi gani tangu upande mlilaki wako.

"Nimeupanda mwaka juzi na hauchanui, ni tasa." Subiri. Miaka mitatu mpaka mitano ni kawaida kabisa, na kama umetoka kwenye chipukizi dogo la mzizi unaweza kuchelewa zaidi.

"Majani yamekuwa meupe, unakufa." Huo ni ubwiri unga, ugonjwa wa kuvu, unakuja mwisho wa kiangazi, sura mbaya lakini matumba yako yako salama. Usinyunyizie dawa. Punguza mashina katikati hewa ipite, na majani yaliyodondoka yafagie.

"Machipukizi ya chini yote ni magugu." Inategemea. Kama mlilaki wako uko kwenye mizizi yake mwenyewe, chipukizi ni mlilaki ule ule, unaweza hata kulichimba na kumpa mtu. Kama ulibebeshwa, yaani uliunganishwa juu ya mzizi wa ligustramu, yanayotoka chini ya kiungo ni ligustramu, na usipoyang'oa yatameza kichaka chote, halafu unaambiwa mlilaki "umebadilika rangi". Angalia jani, la mlilaki lina umbo la moyo, la ligustramu ni jembamba na dogo.

Na la mwisho, maana wengi wanaona huruma, "nisikate maua ya kuweka ndani, nitaumiza kichaka." Kata! Hapo ndipo wakati wenyewe wa kukata, ukijaza chombo cha maua mwezi wa tano umeshapogoa bila kujua. Kata asubuhi na mapema, chagua kishada ambacho zaidi ya nusu ya vijiua vyake vimeshafunguka, maana vilivyofungwa vikishakatwa huwa havifunguki tena, pukutisha majani karibu yote, kata shina mshazari na uliingize kwenye maji mengi pale pale bustanini kabla hujaingia ndani.